Wajir, Mji wa Visima, na Adabu ya Kuamua Ugomvi



Kiswahili chetu cha mwambao kina neno "kuamua", na neno hili lina kazi mbili. Mtu huamua jambo, yaani hukata shauri. Na mtu huamua watu wanaopigana, yaani huingia kati akawatenga. Mara nyingi kazi hizo mbili hukutana kwa wakati mmoja. Mbele yako watu wawili usiowajua wameshikana mashati, na kabla hujawaamua wao, yakupasa kwanza uamue nafsini mwako: utaingia au utapita njia?

Wazee wetu hawakutuachia jibu moja. Wapo waliosema pilipili usiyoila yakuwashiani. Wapo waliosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Maneno haya yana hekima yake, kwani wengi wameingia ugomvi wa watu wakatoka na jeraha, na waliopigana wakapatana jioni yake wakamwacha mwamuzi akiuguza kichwa. Lakini methali ya jembe yawahusu ndugu, watu ambao damu itawarudisha kwenye sinia moja. Wageni wawili barabarani hawana cha kuwarudisha. Na je, wakiwa si wawili tena, wakawa koo mbili, au jirani na jirani mji mzima, nani atakayebaki na nafasi ya kwenda kulima?

Swali hili tulikwenda nalo Wajir, nasi tumeona si vyema turudi nalo kimya bila kuwashirikisha wasomaji wetu.

Tulikuwa watatu, tumealikwa na ndugu zetu wa huko kuhudhuria hafla ya madrasa. Tulitoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Hola, kiza kikatukuta Garissa ng'ambo ya daraja la Mto Tana. Asubuhi yake tukashika njia ya kaskazini. Baada ya Garissa nchi hufunguka ikawa tambarare ya miiba na mchanga mwekundu, na msafiri wa pwani aliyezoea kuona minazi kila ageukapo huhisi kama aliyevuliwa kofia. Modogashe ndipo njia ya Isiolo inapokutana na ile ya Garissa. Kisha huja Habaswein, karibu na kinamasi cha Lorian ambako maji ya Ewaso Nyiro hupotelea mchangani. Kisha Wajir yenyewe.

Katika kituo kimoja cha njiani, basi liliposimama watu wapate kuswali Adhuhuri na kunywa chai, kulizuka ugomvi baina ya utingo wa lori na mchukuzi mmoja kwa ajili ya magunia mawili ya sukari. Maneno yakawa matusi, matusi yakawa ngumi, na mmoja akaokota jiwe. Watu wakajaa mara moja. Wengine walikuwa wakicheka, wengine wakichochea, na vijana wawili watatu wameinua simu zao wapige picha. Kijana wetu akaanza kukunja mikono ya kanzu. Mwenzetu wa pili, ambaye ni mwalimu, akamshika bega akasema: "Lugha yao hatuijui, chanzo hatukijui, na jiwe lile hatujui litaelekea wapi." Kijana akajibu: "Basi sheikh, tutazame tu mpaka mtu apasuke kichwa?" Wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walitugeukia sisi.

Tukiwa bado katika shauri hilo, alitokea mzee wa Kisomali, ndevu zake zimetiwa hina, bakora mkononi. Hakujitia kati ya wapiganaji. Alikwenda moja kwa moja kwenye yale magunia, akakaa juu yake, akatoa salamu kwa sauti, akaomba maji ya kunywa. Aliyeshika jiwe ndiye aliyekuwa karibu na dumu la maji, na kumnyima mzee maji ni aibu isiyosahaulika katika nchi ile; ikambidi aliweke jiwe chini ili ashike kikombe. Mzee akanywa kwa mafunda matatu, bila haraka. Kisha akamuuliza kila mmoja ni mtoto wa nani. Nao wakamjibu kwa kumwita adeer, kama sisi tunavyosema ami. Watazamaji wakaanza kupungua, kwani hapakuwa tena na cha kutazama. Mwisho magunia yakawekwa amana kwa muuza chai mpaka mwenye mali afike, na mzee akaondoka.

Tulimuuliza muuza chai kama mzee yule ni mkubwa wa pale. Akatuambia ni abiria tu wa gari jingine. Hajapata kumwona kabla ya siku ile.

Wajir tulifika jua likikaribia kuchwa. Ni mji wa mawe meupe, na chini ya tabaka hilo la chokaa maji yako karibu, ndiyo maana visima vyake ni vifupi na vinajulikana tangu zama za mababu. Wenyeji husimulia kwamba jina la mji linatokana na neno la Kiborana lenye maana ya kukusanyika. Serikali ya kikoloni ilipofungua kituo chake hapo mwaka 1912, iliwakuta watu na mifugo tayari wamekutana visimani. Mpaka leo mikokoteni ya punda hupita mitaani ikiuza maji, na akina mama hukaa sokoni na vibuyu na madumu ya maziwa ya ngamia. Mwenyeji wetu alitukaribisha kwa chai ya maziwa hayo na nyirinyiri iliyohifadhiwa katika samli, kisha baada ya Isha akatueleza habari ya mji wake.

Ili mtu aelewe habari hiyo, ni lazima ajue eneo hili lilivyoishi. Tangu kupata uhuru mwaka 1963 mpaka mwaka 1991, Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari. Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilikiri vifo 57. Wenyeji wametaja idadi kubwa mno kuliko hiyo, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliihesabu Wagalla miongoni mwa dhulma kubwa za nchi hii. Kwa hiyo mtu wa Wajir alipoona watu wanapigana, hakuwa na desturi ya kukimbilia kwa askari.

Kisha ikaja miaka ya 1991 na 1992. Ukame uliua mifugo. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, wakimbizi na silaha vikavuka mpaka. Uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992 ukaongeza petroli, kwani kila kiti cha ubunge kilihesabiwa kuwa kiti cha ukoo. Wadegodia, Waajuran na Waogaden wakaingia katika mapigano yaliyochukua roho za mamia ya watu. Moto ukafika hata sokoni. Mwanamke wa ukoo huu hakununua wala hakumuuzia wa ukoo ule, na wenye kuuza maziwa wakapigana wao kwa wao.

Mjini humo aliishi mama kijana, Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir wa mwaka 1964. Mwenyewe alipata kusimulia hadharani kwamba usiku mmoja wa mwaka 1992 risasi zililia karibu na nyumba yake, naye akajificha na mwanawe wa kwanza. Kulipokucha, mama yake mzazi alimkumbusha kwamba mwaka 1966, wakati wa vita vilivyoitwa vya Shifta, yeye naye alimficha Dekha, akiwa mtoto mdogo, chini ya kitanda. Akamwambia waone kama wanaweza kuikata desturi hiyo, ili mjukuu naye asije akamficha mwanawe.

Msomaji atazame hapo shauri lilipokatwa. Waliokuwa wakipigana hawakuwa watu wa nyumba ya Dekha peke yao. Wengi walikuwa wageni kwake, wenye bunduki, nao hawakumwita. Angeweza kusema pilipili ile haikuwa yake. Lakini katika nchi ile mwanamke huzaliwa ukoo mmoja akaolewa ukoo mwingine. Koo mbili zikipigana, upande huu wamo ndugu zake na upande ule wamo watoto wake. Akina mama walilijua jambo ambalo wanaume walikuwa wamelisahau, kwamba mgeni kamili hayupo.

Mwaka 1993 walianza kukutana, wachache wasiofika dazani, wa koo mbalimbali. Hawakwenda mstari wa mbele kusimama kati ya bunduki. Walianza sokoni, mahali ambapo neno lao lilikuwa na uzito. Walikubaliana kwamba kila mwanamke, awe wa ukoo gani, atafika sokoni, atauza na atanunua, nao wakaweka watu wa kuliangalia soko. Likizuka la kuzuka, lilizimwa pale pale kabla halijafika nyumbani kwa wanaume. Soko lilipotulia, wakawaendea wazee. Kwa mila za huko, mwanamke hakai katika baraza ya wazee ya kukata mashauri; kwa hiyo wakatafuta mzee wa ukoo mdogo kabisa, ambao haukuwa na shamba wala kiti cha kugombania, ili yeye awe wa kuwaita wakubwa. Wakubwa hawakuwa na sababu ya kumwogopa, na hapakuwa na faida ambayo wangeweza kusema anaitafuta.

Wazee walikaa, wakasikilizana, na mwaka huo huo wa 1993 wakatia saini Azimio la Al-Fatah, lililoweka taratibu za kurejea katika amani. Vijana wakazunguka wilaya kulieleza, na wafanyabiashara wakasaidia kwa mali. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliunganishwa na utawala wa wilaya, ikawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano huo ukachukuliwa na wilaya nyingine za Kenya. Ugomvi haukwisha daima. Umerejea mara kadhaa tangu hapo. Lakini unaporejea huwakuta watu wanaojua pa kuanzia. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo alikuwa miongoni mwa raia walioshughulika kuituliza nchi nzima.

Mwenyeji wetu alipofika hapo alinyamaza kidogo, kisha akatuuliza: "Nyinyi wa pwani mna vitabu. Vitabu vinasemaje?"

Tukamjibu kwa kadiri ya elimu yetu. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 9 na ya 10, Mwenyezi Mungu ameamrisha kupatanishwa makundi mawili ya waumini yanapopigana, na amefungamanisha amri hiyo na uadilifu na udugu. Hakusema iwe kwa jamaa zetu tu. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 6, imetangulia amri ya kuhakikisha habari kabla ya kutenda, nasi twaona mpangilio huo una funzo: mwenye kukimbilia ugomvi kwa habari ya upande mmoja ataweza kuwadhuru watu bila kujua. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa ndiye mwenye kudhulumu, na alipoulizwa juu ya huyu wa pili alibainisha kwamba kumnusuru ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo anayeshika mkono wa mwenye jiwe anawaokoa wote wawili.

Tukamkumbusha pia Hilful-Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa bei ya bidhaa yake mjini Makka na mkubwa wa Kikureshi. Hakuwa na ukoo wa kumtetea. Watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa kusimama na kila mwenye kudhulumiwa, mwenyeji au mgeni. Mtume (S.A.W.) alihudhuria kiapo hicho katika ujana wake kabla ya utume, na baadaye katika Uislamu alikisifu. Kiapo kizima kilifanywa kwa ajili ya mgeni.

Lakini sheria yetu haikumwamrisha mtu ajitupe. Kuondoa uovu kumewekwa daraja: kwa mkono, asipoweza kwa ulimi, asipoweza kwa moyo. Na wanavyuoni wameweka sharti kwamba kuuondoa kusizae uovu mkubwa zaidi. Yule mwalimu mwenzetu aliyemshika kijana bega hakuwa mwoga. Alikuwa akilipima sharti hilo. Na kijana naye hakuwa mpumbavu, kwani mwenye kupima sana huku mtu anapasuka kichwa, kipimo chake kimekuwa kisingizio.

Ipo mizani nyingine iliyopatikana katika nchi hiyo hiyo ya kaskazini, nayo ni nzito zaidi. Novemba 2014, watu wenye silaha waliliteka basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, na watu 28 wakauawa. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine likatekwa, na abiria wakaamrishwa wajitenge vivyo hivyo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao vitambaa vya kujisitiri, na abiria wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata, Januari 2016, akafariki. Wale aliowakinga walikuwa abiria tu, watu waliokata tiketi siku moja naye. Filamu ya "Watu Wote" ya mwaka 2017 imelipeleka tukio hilo duniani, lakini sisi twalisimulia kwa sababu linajibu swali ambalo vitabu vya adabu hulifikia kwa tahadhari: ipo saa ambayo mtu hana njia ya kupita kando, na kujitenga kwenyewe ni kushiriki. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu.

Dekha naye alifariki Julai 2011, kufuatia ajali ya gari iliyochukua pia maisha ya mumewe, wakiwa safarini kuelekea mkutano wa amani Garissa.  Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Sasa, sisi wa kivukoni Likoni, wa sokoni Kongowea na wa stendi za matatu, tufanyeje? Kwa tulivyojifunza Wajir, mambo ni haya.

La kwanza, tusiwe hadhira. Ugomvi mwingi wa barabarani hulishwa na watazamaji, na kuinua simu kupiga picha ni kuwatilia wapiganaji kuni. Mtu asiyeweza lolote jingine aweza kuondoka na kumwondoa mwenziwe.

La pili, tuangalie silaha na tuangalie nafsi zetu. Ikiwa kuna kisu, au kundi, au ulevi, kazi yetu ni kuita watu wengi, kuita wakubwa wa mahali na kuita polisi, kisha kumtazama aliyeumia. Na mwenye kuingia huku ameshachagua mshindi moyoni mwake ameingia kupigana, haingii kuamua.

La tatu, tumtafute anayesikilizwa. Mara nyingi si sisi. Akina mama wa Wajir walijua kwamba sauti yao haitafika barazani, wakatafuta sauti itakayofika. Muuza chai, fundi wa jirani, bibi anayeuza mahamri pale kila siku, hao huweza kwa neno moja kuliko sheikh mgeni kwa hotuba nzima.

La nne, tusiutazame ukuta wa nyumba kama mpaka wa dini. Sauti ya mwanamke au mtoto anayepigwa nyumba ya pili husemwa ni mambo ya mume na mke, tukaongeza sauti ya redio. Kubisha hodi kuomba chumvi kumewahi kuusimamisha mkono ulioinuliwa, kama kikombe cha maji kilivyoliweka jiwe chini. Na ikiwa hatari ni kubwa kuliko hodi, basi kuita wenye mamlaka ni wajibu, wala hakuvunji sitara ya mtu.

La tano, suluhu ina gharama, na mara nyingi mwamuzi ndiye huilipa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, miongoni mwa wanaostahiki fungu la zaka la wenye madeni ni yule aliyekopa ili kupatanisha watu, akachukua juu yake fidia au mali iliyogombaniwa; naye hupewa hata akiwa na mali yake, kwa sababu hakukopa kwa nafsi yake. Asili yake ni hadithi ya Qabisa iliyomo katika Sahih Muslim. Twaona kamati zetu za zaka hupitia orodha ya mafukara na masikini, jambo jema, lakini ni nadra kuuliza kama mtaani yupo mtu aliyejifunga deni ili damu isimwagike. Tunapendekeza waulize mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Tukimlipia mmoja, wa pili atapata moyo wa kuweka magunia amana, na kijana wetu hatahitaji kukunja mikono ya kanzu.

Mwenyezi Mungu azipatanishe nyoyo zetu, azihifadhi nyumba zetu, na awape amani ndugu zetu wa Wajir. Wabillahi tawfiq.